Bi Tafida na Mashine ya Kubeba Maneno

Kama umewahi kuozesha mtoto au kuzika mtu pale Damanhur, Misri, basi Bi Tafida unamjua. Hata kama humjui kwa uso, sauti yake unaijua: ile yenye kukwaruza kidogo, inayokuuliza kwenye simu, "Furaha au msiba?" kabla hujamaliza kutoa salamu. Haulizi kwa ubaya, jamani. Kazini kwake lazima ajue mapema. Ukisema msiba, simu inakwenda upande wa kulia wa ofisi, kwa Haji Mitwalli. Ukisema furaha, inakwenda upande wa kushoto, kwa mdogo wake, Bayumi. Ukisema bado hamjajua, mgonjwa yuko hospitali na bibi harusi yuko saluni, atakuambia piga tena kesho.

Ndugu hao wawili walirithi kwa baba yao kazi ya kukodisha maturubai: vile vitambaa vyenye nakshi nyekundu na buluu, viti, mabirika, taa. Turubai ni lilelile, ukizika au ukiozesha. Na ndugu hao walikuwa hawasemezani. Usidhani walitengana, thubutu! Walikaa chumba kimoja, meza mbili, kila mmoja kampa mwenzake mgongo, Haji kaelekea ukuta, Bayumi kaelekea dirisha, feni moja ikiwagawia upepo bila upendeleo. Katikati yao, kwenye meza ndogo yenye kompyuta, alikaa Bi Tafida.

"Bi Tafida," Haji husema akiutazama ukuta, "mwambie huyo bwana turubai kubwa nalitaka Alhamisi. Kuna marehemu."

Bayumi yuko karibu kiasi cha kumsikia Haji akimeza mate, na masikio yake hayana kasoro. Lakini hungoja mpaka Tafida amgeukie. "Bayumi, kaka yako anataka turubai kubwa Alhamisi, kuna marehemu."

"Mwambie marehemu angoje, dada. Alhamisi ni ya bibi harusi."

"Haji, anasema marehemu angoje."

"Mwambie marehemu hangoji!"

"Nimesikia," Bayumi hunung'unika.

"Bi Tafida, mwambie huyo bwana asidoee maneno ya watu. Maneno hayo nimekupa wewe!"

Basi ndivyo ilivyokuwa kutwa kucha, miaka nenda miaka rudi. Chanzo chake kilikuwa msiba wa mama yao mzazi. Vijana wa Bayumi ndio waliotandaza turubai siku ile, na kwa mazoea ya harusi wakatundika taa za rangi, zile za kuwaka na kuzimika. Haji akatoka ndani, macho mekundu kwa kilio, akakuta msiba wa mama yake unametameta kijani na nyekundu barazani. Akasema neno zito mbele za watu. Bayumi hakujibu kitu. Tangu hapo, kimya. Mashehe walikuja kupatanisha, wakanywa chai, wakala na biskuti, wakaenda zao. Mwishowe mji mzima ukazoea, kama unavyozoea shimo la barabarani.

Aliyeumia ni Tafida. Alikuwa mjane, na mtoto wake mmoja tu, Nashwa, kaolewa Ismailia. Siku ya harusi ya Nashwa, wakati bibi harusi anatolewa nyumbani kwa zumari na vigelegele, mama yake alikuwa ukutani kwenye ngazi, kidole kimoja kaziba sikio, simu katika la pili, anasema, "Bayumi, Haji anasema viti vya jana bado vina keki." Alipokata simu na kutoka nje, gari la bibi harusi lilikuwa limeshakata kona. Hakumwona mwanawe akitoka. Jambo hilo Tafida hakulitoa moyoni, na Nashwa hakulitoa mdomoni.

Sasa Nashwa alikuwa karibu kujifungua mtoto wa kwanza. Akapiga simu. "Mama, siku ya saba ya mtoto utakuja?"

"Nitakosa vipi, roho yangu?"

"Ukija na wale wazee wako ndani ya simu, usije kabisa."

Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana iliuma zaidi. Tafida akamwomba Haji ruhusa ya wiki moja. Haji akashtuka utadhani ameombwa figo. "Wiki nzima? Na nani atamwambia huyo bwana mambo?" Tafida akamgeukia Bayumi, na Bayumi naye akaguna, "Kwa hili, mwambie, nakubaliana naye." Hiyo ndiyo mara pekee waliyokubaliana tangu mama yao afariki, na walikubaliana kumnyima Tafida ruhusa. Watu wana roho!

Hapo ndipo Tafida alipoigeukia kompyuta. Mpaka siku hiyo alikuwa anaitumia kuandika risiti na kucheza karata. Akajiambia: humu ndani, kwa wingi huu wa wajuzi duniani, hakosekani mtu aliyetengeneza kitu cha kunisaidia kufunga mdomo. Kila adhuhuri, wazee wakienda kuswali, kila mmoja msikiti wake, yeye alikuwa na mkate wa taamiya, zile bajia za maharage, mkono mmoja na kipanya mkono wa pili, anatafuta kwenye intaneti programu za ofisi ndogo.

Ya kwanza ilikuwa jitu la programu. Ilikuwa na picha za watu waliovaa suti wanaocheka bila kuambiwa kichekesho. Ikamuuliza: kampuni yenu ina idara ngapi? Akaandika mbili, hazisemezani. Ikauliza: dira ya kampuni yenu ni ipi? Hilo likamshinda, akawauliza wenyewe.

"Andika," akasema Haji, "kila nafsi itaonja mauti."

"Mwambie hiyo itafukuza wateja," akasema Bayumi. "Andika: usiku mmoja, taa elfu."

Tafida akaandika zote mbili. Programu ikafikiri, ikafikiri, kisha ikamtaka aongee na mshauri wa mauzo. Akaifunga, akaifuta, akala kitunguu chake.

Ya pili ilikuwa ya kutumiana ujumbe, nzuri tu, nyepesi. Akaiweka kwenye simu zao. Lakini Haji alipoifungua tu, akaona chini ya jina la mdogo wake maandishi yanayocheza: anaandika, anaandika, anaandika. Haji akaifunika simu kwa leso.

"Bi Tafida, huyu bwana ananinyatia!"

"Haji, hajakunyatia. Anaandika tu."

"Anaandika nini muda wote huo? Matusi mafupi hayachukui muda wote huo!"

Bayumi, masikini, alikuwa anatafuta herufi ya mim. Na kilichoikamilisha balaa ni swali la nani aanze. Haji alisema mkubwa haanzi. Bayumi alisema aliyetukana ndiye aanze. Programu ikakaa siku kadhaa na kurasa nyeupe pe.

Ya tatu ndiyo iliyotoka kwa Mungu. Kiprogramu kidogo cha bure, hakina watu wa suti, hakiulizi dira wala idara. Kalenda tu, ya watu kutumia pamoja. Unagusa siku, unaandika mstari wako, na wenzako wote wanauona, kila mtu kwenye simu yake. Hakuna jina la mpelekewa. Hakuna anayeanza. Tafida aliiona akajua papo hapo, kama mtu anavyojua kiatu chake kwenye rundo la msikitini.

"Humu hamwandikiani," akawaambia. "Mnaiandikia mashine. Mashine si ndugu wa mtu."

Haji akakuna kidevu. "Yaani naiambia mashine?"

"Unaiambia mashine."

"Nayo ikimwambia huyo bwana?"

"Hiyo shauri yake mashine."

Wakakubali. Tafida akaingiza kazi zote kwa desturi ya ofisi, ambayo ni ya tangu enzi ya baba yao: jina, mahali, saa, basi. Msiba huandikwa kwa jina la marehemu. Harusi huandikwa kwa jina la bibi harusi, maana ukiandika la bwana harusi, nusu ya Damanhur ni Mohammed, na nusu iliyobaki ni kaka zake. Kila mmoja alijua kazi zake kwa kumjua mteja aliyempokea mwenyewe. Mambo yakaanza kutembea.

Yalitembea kwa namna yao lakini. Chini ya kila kazi palikuwa na nafasi ya maelezo, na Haji akaandika: "Ewe mashine, salamu aleikum. Mwambie bwana wa dirishani kwamba birika kubwa linanuka mdalasini, na msibani hatunywi mdalasini." Bayumi akajibu: "Mashine tukufu, mwambie bwana wa ukutani, birika nimelisugua kwa limau kwa mkono wangu." Haji akalalamika kwamba mashine haiitikii salamu. Tafida akatafuta-tafuta humo ndani, akakuta mahali pa kuweka jibu la kujiandika lenyewe, akaweka: Nimepokea, Mungu akubariki. Haji akaridhika sana. "Ina adabu," akasema. "Inamshinda mtu ninayemjua."

Kwa mara ya kwanza ofisi ikawa kimya, na koo la Tafida likaanza kupoa. Alikuwa na kikohozi kwa miezi, kikohozi cha maneno ya watu. Nashwa akajifungua mtoto wa kike. Tafida akapaka nywele hina, akanunua viatu vipya vyenye visigino, akawaaga wazee wake: "Nakwenda kwa mwanangu. Kila kitu mwambieni mashine." Akakohoa, akaondoka.

Alifika Ismailia, akambeba mjukuu, akasahau dunia. Siku ya saba ya mtoto ilikuwa Ijumaa. Asubuhi ya Alhamisi akakumbuka: hawa wazee nawajua, watapiga simu katikati ya shughuli. Akafungua ile kalenda kwenye simu yake, akagusa Ijumaa, akaandika kwa mkono uliozoea kuandika hivyo maisha yake yote: "Tafida. Ismailia, mtaa wa nyuma ya soko la samaki. Baada ya Alasiri." Kwa akili yake, alikuwa anawaambia saa hiyo nina shughuli, msinitafute. Kisha akaizima simu, akaifukia kwenye gunia la mchele, akamwonyesha Nashwa mikono mitupu.

"Umeiweka wapi?"

"Nimeizika," akasema Tafida. Mungu na amsamehe, neno lenyewe ndilo hilo alilolitumia.

Ijumaa ikafika. Nyumba imejaa majirani, watoto wamepewa vifuko vya karanga na peremende, chumvi inarushwa pembeni kufukuza hasidi. Mtoto kalazwa ndani ya chekeche lililopambwa, Nashwa anamruka mara ya kwanza na ya pili kama mila inavyotaka, na Tafida, bibi wa shughuli, kachuchumaa na kinu cha shaba, anatwanga ngwa, ngwa, ngwa karibu na sikio la mtoto.

"Msikilize mama yako! Usimsikilize baba yako! Na bibi yako msikilize kuliko wote!"

Wanawake wakacheka, vigelegele vikapaa. Nashwa akamtazama mama yake, na Tafida akaona kwamba lile gari lililokata kona limeanza kurudi. Ndipo nje pakasikika honi.

Lori la kwanza liliingia mtaani kutoka upande wa sokoni. Lilikuwa na turubai, viti vya msiba, birika la kahawa chungu na msomaji wa Kurani aliyekaa mbele na kilemba chake safi. Nyuma yake akashuka Haji Mitwalli, kanzu nyeusi, leso usoni, analia mtu mzima bila aibu. Alikuwa ameisoma kalenda Alhamisi. Jina la mtu mmoja, mahali, saa. Mteja huyo si yeye aliyempokea, hivyo nani aliandika? Akapiga simu ya Tafida: imezimwa. Akapiga tena mpaka jioni: imezimwa. Akakumbuka kile kikohozi. Angemuuliza nani? Wa kumuuliza alikuwa mmoja tu, na huyo hasemi naye.

Lori la pili likaingia kutoka upande wa pili. Hilo lilikuwa na turubai lake, wapiga zumari na ngoma, kiti cha enzi cha bibi harusi chenye maua ya plastiki, na nyaya za taa zimeviringishwa kama tambi. Juu yake kasimama Bayumi, kavaa tai. Naye alikuwa ameisoma kalenda. Jina la mwanamke, mahali, saa. Simu imezimwa. Akakumbuka ile hina na vile viatu vyenye visigino. "Loo, dada Tafida!" akasema moyoni. "Unaolewa kimyakimya, sisi tusijue? Utaolewa kwa taa au mimi siitwi Bayumi!"

Malori yakakutana pua kwa pua mbele ya mlango wa Nashwa, mtaa wenyewe mwembamba hata punda wawili hugombana. Vijana wa Bayumi ni hodari, hawana haja ya kuambiwa. Kabla injini haijazimwa walishatundika waya kutoka dirisha hadi dirisha na kuwasha. Kijani. Nyekundu. Kijani. Nyekundu.

Haji akaondoa leso usoni. Akaziangalia zile taa. Kisha akageuka, safari hii si kwa ukuta.

"Bayumi! Tena?"

Zumari ikakatika katikati ya pumzi. Bayumi akatazama nyuma yake, kuona kama kuna Bayumi mwingine.

"Ndiyo, wewe! Kwa mama ulitundika taa, na kwa Tafida pia? Huna moyo wewe? Una kokwa?"

"Tafida ana nini?"

"Amekufa!"

"Amekufa? Si anaolewa!"

"Anaolewa na nani, mwehu wee?"

"Sijui! Ndiyo nimekuja nimwone!"

Ndani, Tafida alikuwa kasimama nyuma ya pazia la dirisha, mchi wa shaba mkononi. Nashwa akamvuta nguo. "Mama! Toka uwaambie uko hai!"

"Ngoja kwanza," Tafida akanong'ona. "Wanaongea."

"Lakini wanasema umekufa!"

"Niache nife kidogo, mwanangu. Wanaongea!"

Nje, Bayumi alikuwa ameshuka kwenye lori. Tai imekwenda shingoni nyuma, machozi yanamtoka. "Kaka, sikuziona," akasema. "Siku ile ya mama. Wallahi sikuziona zile taa. Nilikuwa nalia, sikuona hata ukuta. Nilikuja kujua uliponitukana."

Haji akamsogelea. "Miaka yote hii kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia kupitia nani? Tafida? Neno kama hilo unampa mtu akubebee?"

Haji akamshika mdogo wake shingoni kwa mikono yote miwili, akamvuta. Wakaliliana begani, watu wazima wenye mvi, taa zikiwabadilisha rangi. Kisha Haji akakumbuka. "Na sasa Tafida naye katutoka!" Hapo kilio kikaanza upya, na Bayumi akakidaka kwa sauti ya juu zaidi, kwa sababu sasa alikuwa na misiba miwili ya kulia kwa pamoja. Msomaji akakohoa ili aanze.

Tafida hakuweza tena. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, hajui lipi la nani. Akambeba mtoto na chekeche lake, akatoka mlangoni. "Sijafa," akasema. "Wala siolewi. Huyu ni mjukuu wangu, leo ni siku yake ya saba, na nyie wawili mmemwamsha."

Haji akarudi kinyumenyume, akaketi juu ya kitu cha kwanza alichokikuta, nacho kilikuwa kiti cha enzi cha bibi harusi. Akakaa pale kati ya maua ya plastiki, kanzu nyeusi, anahema. "Bi Tafida," akasema, "usinifanyie hivi tena. Nimelia tangu Damanhur."

"Kweli ulilia, Haji?"

"Muulize dereva! Alisimama mara mbili aninunulie maji!"

Tafida hakuwahi kudhani kwamba kuna wa kumlilia. Miaka yote alijiona mfereji tu, maneno yanaingia huku yanatokea huku. Akamtazama mtoto.

"Samahani," akasema msomaji wa Kurani, "nisome au nisisome?"

"Msomee mtoto baraka," akasema Tafida, "kisha uwapishe wa ngoma." Ile kahawa chungu ikatiwa sukari, jirani akaleta mkate na samaki, na mtaa wa nyuma ya soko la samaki ukapata sherehe ya siku ya saba yenye maturubai mawili. Tafida aliikaa yote, mwanzo hadi mwisho, na Nashwa hakumwachia mkono.

Aliporudi Damanhur alizikuta meza zimegeuzwa, ndugu wanatazamana. Wanagombana kutwa nzima, ana kwa ana, mdomo kwa mdomo, kuhusu birika, kuhusu mdalasini, kuhusu nani alikuwa kipenzi cha mama. Makelele yale! Tafida akaweka pamba masikioni, akaketi, na kwa muda hakujua mikono yake aipe kazi gani. Hakuna aliyemwambia amwambie mtu kitu. Akajiuliza kama bado ana kazi pale.

Akaifungua kalenda, kwa mazoea. Akasogeza mbele. Ijumaa ya mwisho ya mwezi ilikuwa na mistari miwili mipya. Na ya mwezi uliofuata. Na wa baada yake, mpaka mwisho wa mwaka. Wa juu ulikuwa wa Haji, maana alikuwa ameanza na salamu:

"Ewe mashine, salamu aleikum. Tafida, Ismailia, kwa mjukuu. Yu hai. Turubai lisipelekwe."

Na chini yake, kwa mkono wa Bayumi: "Wala haolewi. Akiolewa, tuambiwe kwanza."

Mashine ilikuwa imewajibu wote wawili: Nimepokea, Mungu akubariki. Tafida akatoa pamba masikioni ili awashukuru, akasikia wanagombania nani atampeleka stesheni, akairudisha pamba akacheka peke yake.